Mwaka wa Kuhamishwa: Mhadhara juu ya Majina ya Zama



Niruhusuni nianzie mbali, maana kipimo nitakachokitumia leo nimekiazima Japani. Mwezi Januari 1855, mjini Kyoto, baraza la mfalme wa Japani lilibadili jina la wakati. Halikubadili jina la mji wala la mfalme. Lilibadili jina la miaka yenyewe. Hadi siku ile watu walikuwa wakihesabu mwaka wa saba wa zama zilizoitwa Kaei, na zama hizo zilikuwa zimeharibika. Julai 1853 meli za kivita za Marekani, zikiongozwa na Matthew Perry, zilitia nanga karibu na Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na mwanzoni mwa 1854 zikarudi kudai jibu. Kasri la mfalme likateketea kwa moto. Kisha tarehe 23 na 24 Desemba 1854 ardhi ikatetemeka siku mbili mfululizo, na bahari ikapanda juu ya vijiji vya pwani. Wakuu wakaona kwamba wakati umeingia nuksi, wakauvua jina na kuuvisha jingine. Jina jipya lilikuwa Ansei, na maana yake ni utawala wenye utulivu.

Kilichofuata kila mwanafunzi wa Japani anakijua. Novemba 1855, kabla jina halijatimiza mwaka, Edo ikapigwa na tetemeko lililoua maelfu ya watu. Mwaka 1858 kipindupindu kikaingia. Mwaka huohuo serikali ikasaini mikataba ya biashara na mataifa ya Magharibi ambayo Wajapani wengi waliiona ni ya kudhalilisha, na mkuu wa serikali, Ii Naosuke, akaanza kuwafunga na kuwaua waliompinga. Machi 1860 naye akauawa nje ya lango la ngome ya Edo, kwenye theluji, na wiki chache baadaye jina la utulivu likaondolewa, likaletwa jingine. Lakini kuna jambo dogo ndani ya habari hii ambalo kwangu ndilo kubwa. Jina jipya lilihesabiwa kurudi nyuma hadi mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo yale matetemeko ya Desemba 1854, ambayo ndiyo yaliyowafanya wakuu watafute jina la kuleta utulivu, leo yanaitwa vitabuni matetemeko ya Ansei. Dawa imechukua jina, na ugonjwa umelazwa ndani yake.

Hoja yangu ni moja. Wakati unaweza kupewa jina kabla haujafika, na hapo jina ni dua. Au unaweza kupewa jina ukishapita, na hapo jina ni ushahidi. Watawala duniani kote wamependa namna ya kwanza. Watu wa nyanda hizi za juu za Kigoma, Waha wa falme za Heru na Muhambwe na majirani zao, wameishi kwa namna ya pili, na kalenda yao ni kalenda kamili kwa maana zote isipokuwa moja: haina jedwali. Mjapani anaweza kukosea jina lakini ana orodha. Sisi majina yetu yamesema kweli, na orodha hatuna. Nitajaribu kuonyesha kwamba upungufu huo unatugharimu, na kwamba haukutokana na udhaifu wa majina yenyewe.

Kwanza orodha. Japani ilianza kuupa wakati majina mwaka 645, na kuanzia 701 haijawahi kukatisha. Kwa karne nyingi jina lilibadilishwa kila mara: mfalme mpya, njaa, moto, nyota yenye mkia, au jambo la heri. Mwaka 708 shaba ilipopatikana nchini, zama zikaitwa Wado kwa ajili ya shaba hiyo. Mfalme mmoja aliweza kupita katika zama nne au tano. Mwaka 1868, utawala wa Meiji ulipoanza, ikaamuliwa kwamba mfalme mmoja atakuwa na jina moja tu, na ndiyo maana tunasema Meiji hadi 1912, Taisho hadi 1926, Showa hadi 1989, Heisei hadi 2019, na sasa Reiwa. Mambo haya yote yana mpangilio usiokatika. Ukimwambia karani wa Tokyo kwamba bibi fulani alizaliwa mwaka wa nane wa Taisho, hatakukodolea macho; ataandika 1919 na kuendelea na kazi. Hata katika karne ya 14, nchi ilipokuwa na mabaraza mawili ya kifalme yanayopingana, moja kaskazini na moja kusini, kila baraza lilitoa majina yake ya zama kwa zaidi ya miaka 50, na mwaka mmoja ukawa na majina mawili kutegemea unasimama upande gani wa vita. Wanahistoria hawakupotea. Waliandika safu mbili.

Majirani zetu walikuwa na kitu kinachokaribia hicho, tena bila wino. Burundi majina ya kifalme yalizunguka kwa mfuatano: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, halafu Ntare tena. Rwanda nako kulikuwa na mzunguko wake, na kila jina lilikuja na kazi yake: Kigeri na Mibambwe walitarajiwa kuwa wafalme wa vita, Yuhi mfalme wa moto na miiko, asiyevuka mipaka, Mutara mfalme wa ng'ombe. Yaani mtoto wa mfalme alipokaa kwenye kiti, zama zake zilikuwa zimeshapewa jina na wajibu kabla hajatoa amri hata moja. Hiyo ni Ansei yetu ya Maziwa Makuu, na ilidanganya vilevile. Ntare, yaani simba, lilikuwa jina la mwasisi na mpanuzi wa nchi. Ntare Rugamba, aliyetawala hadi katikati ya karne ya 19, aliikuza Burundi kuliko wote waliomtangulia. Wa mwisho kulibeba huko, Ntare V, alivikwa taji Septemba 1966, akapinduliwa Novemba ya mwaka huohuo, na akauawa Gitega Aprili 1972. Jina la kuanzisha ndilo lililofunga. Hapa Heru jina hilohilo alilibeba mwanamke, Mwami Theresa Ntare, katikati ya karne ya 20, na utawala wa machifu ukafutwa na sheria mwaka 1963. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo simba ameondoka kwa utaratibu wa kiofisi namna ile.

Sasa tushuke kutoka kwenye viti vya wafalme tuingie kwenye migomba. Mtu wa kawaida wa hapa Kasulu au wa Kibondo hakuhesabu kwa majina ya kifalme peke yake. Alisema wakati wa Mjerumani, ambao kwetu ulianza kuwa na uzito baada ya boma la Ujiji kusimama mwaka 1896. Akasema wakati wa Mbelgiji, na hapa nawaomba vijana mtege sikio, kwa sababu vitabu vingi vya Tanzania hurukia moja kwa moja kutoka kwa Mjerumani hadi kwa Mwingereza. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma mwaka 1916 na hayakukabidhi eneo hili kwa Waingereza hadi 1921. Miaka mitano mizima. Mtoto aliyezaliwa wakati ule, ukimlazimisha kuchagua kati ya Mjerumani na Mwingereza kama kitabu cha shule kinavyotaka, utamfanya aseme uongo kuhusu siku yake ya kuzaliwa. Kalenda ya wazee ilikuwa sahihi kuliko kitabu. Ilikuwa na safu ambayo kitabu kiliisahau.

Baada ya hapo, miaka ya 1930, ukaja wakati wa malale. Utawala wa Kiingereza, ukiogopa ugonjwa unaosambazwa na mbung'o, uliwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha, Kibondo hasa, kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya mahali pamoja ambapo pori lilifyekwa ili mdudu asipate kivuli. Mha hakuzoea kijiji cha nyumba kugusana nyumba. Kila kaya ilikuwa na kilima chake, migomba yake, na makaburi yake nyuma ya boma. Kuhama kulimaanisha kuiacha migomba iliyozaa miaka mingi na kuanza na miche. Ardhi iliyoachwa haikubaki ikisubiri; pori liliichukua, wanyama wakarudi, na mbung'o wakafuata wanyama. Wataalamu wa afya wana haki ya kusema kwamba malale yangewaua wengi zaidi kama watu wangebaki walipokuwa, na mimi sibishani nao. Nasema tu kwamba serikali iliuita mpango ule kwa jina la tiba, na waliohamishwa waliuita kwa jina la ugonjwa. Angalia tena Ansei: kule jina la tiba ndilo lililoshinda, likaumeza ugonjwa. Hapa ugonjwa umebaki na jina lake.

Miaka 40 baadaye watu walewale, au watoto wao, wakahamishwa tena. Operesheni Kigoma ilianza 1972, kabla ya nchi nyingi jirani na hata mikoa mingi ya Tanzania kujua neno operesheni litakuja kumaanisha nini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Msimamo wa serikali ulieleweka: huwezi kuweka shule, zahanati na bomba la maji kwenye kila kilima. Lakini kwa mtu wa Kibondo hii haikuwa habari mpya. Alikwisha kuambiwa mara moja na serikali nyingine, kwa sababu nyingine, kwamba anaishi vibaya kwa kuishi mbali na jirani yake, na kwamba barabarani ndiko kwenye uzima. Ndiyo maana sishangai kwamba jina lililoenea la kipindi kile kwenye ndimi za watu si ujamaa, neno tamu ambalo sera ilijipa yenyewe, bali ni operesheni, neno la kijeshi na la hospitali, linaloeleza ulivyofanyiwa. Ujamaa lilikuwa dua. Operesheni ni ushahidi. Na kwa sababu watu walihamishwa mara mbili, ukisikia mzee anasema "mwaka ule tulipohamishwa", lazima uulize: kwa mbung'o au kwa lori?

Hapo ndipo pengo la jedwali linapoanza kuuma. Mwaka 1972 wenyewe una majina matatu katika wilaya hizi. Kwa aliyehamishwa, ni mwaka wa operesheni. Kwa aliyekuwa mpakani, ni mwaka wa wakimbizi, kwa sababu tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Burundi, na katika miezi iliyofuata serikali ya Rais Micombero iliwaua Wahutu, wasomi hasa, kwa idadi ambayo makadirio mengi hayaiweki chini ya laki moja. Walionusurika walivuka kuja kwetu, na wengi wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wao wenyewe wanauita wakati ule ikiza, balaa, bila kuongeza neno. Operesheni, wakimbizi, ikiza: mwaka mmoja, njia tatu za kuukumbuka. Mwenyeji alikuwa anavuliwa nyumba yake na serikali yake mwenyewe katika msimu uleule alipokuwa akimkaribisha mgeni aliyevuliwa yote na serikali ya kwake. Tarakimu 1972 haikwambii hilo. Unalipata ukiyaweka majina matatu kwenye mstari mmoja wa jedwali, na mstari huo ni thamani ambayo hakuna kitabu kimoja cha shule kimetupa.

Hapa napaswa kujibu, kwa sababu najua kuna wanaotikisa kichwa. Pingamizi la kwanza ni la mwalimu wa hesabu. Atasema: majina ya matukio hayana usahihi, tarakimu ina usahihi, na nchi inayotaka kupanga bajeti ya shule haiwezi kuendeshwa kwa "wakati wa malale". Ni kweli, bajeti inataka tarakimu. Lakini tarakimu ya mtu asiye na cheti cha kuzaliwa inatoka wapi? Wataalamu wa sensa wanajua jambo ambalo wakati mwingine hawalisemi hadharani: watu wazima wanapoulizwa umri bila msaada wowote, majibu yao hurundikana kwenye 40, 45, 50, 55, 60. Miaka 43 na 47 hukosa wenyewe. Tarakimu ile inayoonekana imekaa sawa kama askari gwaride ni tarakimu iliyokisiwa. Muulize mtu huyohuyo kama alizaliwa kabla au baada ya vita vya Amin, kama alikuwa anatembea siku ya kuhama, kama aliachishwa ziwa kabla ya mvua kubwa, na utamsogeza hadi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tukio linasahihisha namba. Hata waliohesabu mwaka wa Hijria tangu zama za Khalifa Umar hawakuutupa Mwaka wa Ndovu. Waliubakiza, kwa sababu uliwaambia Mtume alizaliwa lini kwa namna ambayo watu wa Makka waliielewa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Majina yatokayo chini nayo yana upendeleo wake, na wakati mwingine yana ukatili. Tunaposema "wakati wa wakimbizi" tunamfanya aliyekimbia kuwa msiba, kana kwamba yeye ndiye mafuriko. Sikwepi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, wilaya hizi zilijaa kambi: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Nyarugusu ikafunguliwa 1996 kwa Wakongo, na Kibondo kulikuwa na Nduta, Kanembwa, Karago na Mtendeli. Mwenyeji wa wakati ule anakumbuka kuni zilizoisha, majambazi barabarani, na bei ya mahindi. Anakumbuka pia soko lililochangamka, vibarua, madereva, walinzi na wauguzi walioajiriwa na mashirika, na zahanati ya kambi iliyomtibu mtoto wake. Jina "wakati wa wakimbizi" limebeba vyote viwili, na anayelisikia huchagua anachotaka kukisikia. Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Mwaka 2015, Burundi ilipovurugika juu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, Nduta ikafunguliwa upya. Kwa hiyo jina hilo sasa lina maana tatu au zaidi: la 1972, la 1993 na la 2015. Jibu langu ni kwamba ubaya wa jina hauponywi kwa kulifuta. Serikali ya Japani haikulifuta jina Ansei, na watu wa Edo hawakungoja ifute. Wiki chache baada ya tetemeko la 1855 ziliuzwa mitaani, bila kibali, picha zaidi ya aina mia mbili za kambare mkubwa, yule ambaye masimulizi yao yanasema anakaa chini ya ardhi na kuitikisa. Katika baadhi ya picha watu wanampiga kambare kwa hasira. Katika nyingine maseremala wanamshukuru kwa kuwaletea kazi, na tajiri analazimishwa kutapika sarafu. Yule ni kambare mmoja, na kila aliyenusurika alimtazama kwa jicho lake. Jedwali zuri la Kasulu litafanya vivyo hivyo: mbele ya 1993 litaandika "wakimbizi" kwa safu ya mwenyeji, na kwa safu ya Mrundi litaandika jina analolitumia yeye, hata kama jina hilo litatuuma.

Pingamizi la tatu husemwa kwa tabasamu: kwani serikali yetu haijatupa majina ya zama tayari? Tunazo awamu. Awamu ya Kwanza ya Nyerere, ya Pili ya Mwinyi kuanzia 1985, ya Tatu ya Mkapa 1995, ya Nne ya Kikwete 2005, ya Tano ya Magufuli 2015, na ya Sita ya Samia Suluhu Hassan kuanzia Machi 2021. Naliheshimu pingamizi hili kuliko yote, kwa sababu awamu ni mfumo wa Meiji uliovalia suti: kiongozi mmoja, zama moja, na zinakatika siku anapoondoka. Tena una unyenyekevu ambao Kyoto haikuwa nao, maana namba haiombi dua. Lakini tazameni mambo mawili. Hakuna aliyeishi katika Awamu ya Kwanza. Mtu wa 1970 hakujua kwamba yuko katika ya kwanza. Ya kwanza ilizaliwa siku ya pili ilipozaliwa, ikarudishwa nyuma hadi uhuru, kama Ansei ilivyorudishwa juu ya matetemeko yake. Na pili, namba ilipokosa dua, kaulimbiu ikaileta: Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya, Hapa Kazi Tu, Kazi Iendelee. Hizo ndizo Ansei zetu zilizochapishwa kwenye fulana. Kati ya hizo zote naona moja tu iliyotoka kinyume, nayo ni Ruksa. Mwinyi alilitamka neno, lakini soko ndilo lililolichukua na kulifanya jina la miaka kumi, baada ya miaka ya foleni, maduka ya kaya, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Duka likafunguliwa, mtumba ukaingia, na mtu wa Kasulu ambaye hakuwahi kusoma ilani ya chama alijua anaishi wakati gani. Mtasema ruksa nayo ina kejeli ndani yake. Inayo. Ushahidi mzuri mara nyingi unayo.

Kuna upande mmoja zaidi wa Buha ambao hautoshi katika awamu wala katika operesheni, nao ni wakati uliohesabiwa mbali na nyumbani. Kwa miongo mingi wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba, na kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, alama moja kwa siku moja ya kazi iliyokamilika. Siku usiyoikamilisha haikuwa siku. Hii ndiyo kalenda ya tarakimu katika usafi wake wote, na waliotumikia chini yake walirudi nyumbani na kuipa jina: kwenda manamba. Nyumbani mke alihesabu miaka kwa safari za mume, mtoto wa kabla ya safari ya kwanza na mtoto wa baada ya ya pili. Hapo namba yenyewe imegeuka kuwa tukio, na mtu aliyeandikwa kama tarakimu ameiweka tarakimu ndani ya hadithi yake.

Na jedwali ninalolidai si ndoto. Limekwisha kuandikwa, kisha likatupwa. Katika sensa zetu makarani hupewa kalenda ya matukio. Ni orodha ya mambo makubwa ya nchi na ya mahali, yenye miaka yake, ili karani amsaidie asiyejua umri wake. Karani anaketi na bibi wa Muhambwe, wanapanda pamoja ngazi ya matukio: uhuru, operesheni, vita vya Amin, mpaka wanafika kwenye mwaka. Kazi hiyo ni ya kihistoria, na imefanyika nyumba kwa nyumba tangu 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, hadi usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Kila mara tukio limetumika kuipata namba, namba imeandikwa kwenye dodoso, na sasa kwenye kishikwambi, na tukio lenyewe halikuandikwa popote. Ngazi imebebwa hadi juu na kuachwa ianguke. Kwa hiyo tunajua, kwa takwimu, wanawake wangapi wa Kibondo walizaliwa kabla ya uhuru, lakini hatuna rekodi ya wangapi kati yao walijieleza kwa malale, wangapi kwa Mbelgiji wa baba zao, wangapi kwa safari ya manamba. Waliokuwa na kumbukumbu ya kuhamishwa kwa mbung'o walikuwa watoto miaka ya 1930. Sensa ya 1988 iliwakuta wakiwa wazee wenye akili timamu na miguu inayotembea; ile ya 2022 ilikuta wachache sana.

Majina ya zamani zaidi yamejihifadhi yenyewe mahali pasipotarajiwa. Jimbo la uchaguzi la Kibondo linaitwa Muhambwe. La Kakonko lilikuwa likiitwa Buyungu. Hapa kwetu kata ya Heru Juu ipo. Falme zilizofutwa 1963 zimekuwa zikitajwa kila baada ya miaka mitano na mtangazaji wa matokeo ya kura, ambaye pengine hajui anachokitaja. Lakini nafasi ya tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu zetu haina mahali pa majina kama hayo: ina visanduku vya siku, mwezi na mwaka. Fomu nyingi za Japani zina kisanduku kimoja zaidi, ambamo unazungushia herufi ya zama zako kabla ya kuandika namba. Sisi hatuhitaji herufi ya mfalme. Ningependa kuuona mstari mmoja mtupu chini ya mwaka, wenye maneno haya tu: *ulijuaje?* Na karani aandike atakachoambiwa, kwa Kiswahili au kwa Kiha, bila kukitafsiri.